Vitone vya Kulia

Usiku huu Fort Portal imejifunika ukungu wa Mpanga
nami nimeliangusha tena jengo la Bi Kabanyoro.
Ghorofa nne: chini maduka, juu zahanati ya wazazi.
Nimelitikisa mara mia mbili na arobaini
ndani ya kompyuta yenye feni inayokoroma,
na barabarani halijadondosha hata chembe ya plasta.

Matetemeko nimeyaazima ng'ambo.
Bonde letu lina vipimo vichache, ardhi ya hapa
imesema mengi kuliko tuliyoyaandika.
Haya nimeyapunguza, yale nimeyakuza,
kama fundi wa cherehani aliyepewa koti la marehemu
akaambiwa limtoshe mwanawe.

Kila mtikiso unaacha kitone kimoja kwenye mchoro:
huku nguvu ya ardhi,
huku ghorofa ya chini ilivyopinda.
Vitone havipangi foleni.
Nikipitisha mstari katikati yao nauita wastani,
na wastani ni mtu mpole, hupeana mkono na kila mmoja,
hajawahi kumzika mtu.
Lakini kulia kabisa, mbali na wenzao,
vipo kumi na kimoja.
Mle, nguzo imekatika kifundo cha mguu.

Tuliamkiana kwa empaako kwanza,
mimi Abwoli, yeye Ateenyi, ndipo akauliza:
"Sasa, litaanguka au halianguki?"
Kumi na moja, nikasema, katika mia mbili na arobaini.
Akapiga hesabu ya muuza vitenge:
"Basi mia mbili ishirini na tisa ni faida."
Hesabu ilikuwa sahihi.
Bidhaa ndiyo iliyokosewa.

Aliyeniharibia usingizi ni mkunja nondo,
Musisi, mwenye jina la tetemeko lenyewe,
lililomzalisha mama yake kwenye shamba la chai
kabla ya miezi kutimia.
Alinisubiri nyuma ya zahanati, kiganja wazi.
"Pete za nguzo za chini, kwenye karatasi yako
ni vidole vitano kwa vitano. Sisi tuliweka shubiri,
pengine shubiri na nusu. Nondo nyembamba ziliisha,
tajiri yuko Mugusu sokoni, zege limeshakorogwa.
Zege halisubiri mtu, Abwoli."
Akakifunga kiganja polepole, kama anayerudisha deni mfukoni.

Nikarudi mezani, nikabadili namba moja tu.
Vitone vikahama usiku kucha.
Kulia wakawa thelathini na wanne.
(Nimeandika *wakawa*. Nimejaribu kusahihisha,
nimeacha.)

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
walikuwa wanauona ufa.
Mimi nalipwa kuziba ambao haujazaliwa,
huenda usizaliwe,
na usipozaliwa nitaulizwa pesa zilikwenda wapi.

Amekubali nguzo nne zivikwe koti la zege.
Ziko kumi na mbili.
Nimechagua za pembeni, kwa kuwa jengo hili
hujisokota kabla ya kuinama,
na nilipokuwa nachagua nilijikuta nikifikiria
kitanda cha tatu kutoka dirishani,
mwanamke aliyekuwa akimenya chungwa
bila kukata ganda, akilizungusha, akilizungusha,
ambaye hayumo katika safu yoyote ya jedwali langu.
Nimeendesha upya. Kumi na tisa.
Musisi atazifunga pete kwa mkono wake mwenyewe,
ameomba asilipwe kwa hizo, nimekataa.

Kumi na tisa, basi, mpaka mwaka ujao wa fedha.

Sasa hivi vikombe vimelia kabatini.
Labda ni lori la chai linalopandisha kilima.
Sijainuka. Nimeandika: saa tisa na dakika saba,
nimeweka kalamu chini,
nasikiliza kama vitalia tena.